Mnyonyaji Mara Arobaini na Moja

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Kompyuta usiizime, tasnifu yako iko wazi. Msimamizi wako anaitaka saa sita mchana, hujachelewa.

Asubuhi uliponiuliza nani kaichezea tasnifu yako, nilikufokea kwamba unaona aibu maneno ya babako. ~~Na kweli unaona.~~ Kosa ni langu. Ile programu yetu ya kuandikia niliifundisha mwenyewe, mwaka ule waliponifukuza kiwandani: kila nikiandika "mwajiri", yenyewe iweke "mnyonyaji". Kwa vipeperushi vyangu ilinifaa sana. Sikukumbuka kwamba nawe siku hizi unaandikia humo humo.

Nimeuondoa mpangilio huo. Nimepitia kurasa zote na kurudisha "mwajiri" mara arobaini. Usinicheke.

Ya arobaini na moja iko kwenye shukrani: "Kwa baba, aliyejisomesha baada ya kufukuzwa na mnyonyaji wake." Sikujua kama umeniandika. Hapo sijagusa. Badilisha mwenyewe ukitaka, sitanuna.

~~Nitanuna kidogo.~~

Babako mkorofi