Andiko la Shemeji Faustin

Nengo, Gisenyi

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kwenye simu siku hizi unasikia nusu, na jambo hili sitaki ulisikie nusu. Wifi Editha atakusomea polepole. Goti linaendeleaje? Buni mmeshaanika, au mvua bado inawasumbua? Mimi ni mzima. Kazi hotelini ipo. Wageni wakijaa tunafua mashuka mpaka vidole vinachubuka, wakipungua tunaambiwa tukae nyumbani. Baridi ya huku nimeizoea.

Uliniuliza kama bado nasoma Neno au nakwenda kanisani kuimba tu. Siku ile sikukujibu vizuri. Leo nitakujibu kwa kukueleza yaliyotokea hapa ninapopanga.

Mwenye nyumba wangu ni Mama Aline, yule niliyekwambia tulimzika mumewe, Innocent, mwaka jana. Ana watoto watatu. Ni watu waliorudi kutoka Kongo, na Kiswahili chao ni kile cha Goma. Nusu ya ukoo bado iko ng'ambo ya mpaka. Huko ndiko anakokaa Faustin, mdogo wake marehemu, ambaye ana mke na watoto wake na anauza viazi vinavyotoka Bugeshi.

Mwezi uliopita Faustin alivuka pamoja na mzee Gaspard, baba yao mdogo. Waliketi sebuleni wakaniita na mimi, kwa kuwa walitaka jirani asikie. Faustin alivaa koti la Jumapili, na chai aliyomiminiwa hakuigusa.

"Shemeji," alisema, akiangalia meza, "mi sikuja juu ya mapenzi yangu. Mutumishi wa chumba yetu ya maombi aliniambia iko andiko. Kaka akikufa, mudogo wake anachukua bibi yake. Nikikataa, nyumba ya kaka inazimika, na damu yake Mungu ataiuliza kwangu."

Mama Aline hakulia wala hakubisha. Aliuliza tu mke wa Faustin amesema nini. Akajibiwa kwamba alirudi kwa wazazi wake tangu siku aliyosikia habari hiyo. Nilimwona Mama Aline anainamisha kichwa kidogo, kama mgonjwa anayekubali sindano. Mama, nakuambia kama nilivyoona: alikuwa anakubali.

Aliyeuliza ni mzee Gaspard.

"Hiyo andiko, we mwenyewe ulisoma?"

"Hapana, baba. Nilisikia."

"Iko mu kitabu gani?"

"Alisema iko mu Torati."

"Bon, sawa. Tusome basi. Kama ni ya Mungu, tutaikuta palepale."

Mama Aline alileta Biblia ya marehemu. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Mimi nilikumbuka kidogo kwamba mambo ya ndoa na urithi yako mengi katika Kumbukumbu la Torati, kwa sababu ulitufundisha vitabu vyote kwa kuimba huku tunachambua maharage. Nilifunua, nikaruka kurasa, nikarudi nyuma. Nilipolipata andiko lenyewe niliingiwa na hofu, kwa maana kweli limo. Sikulisoma mimi. Nilimpa Faustin, nikamwonyesha mwanzo wake.

Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Pale panasema habari za ndugu wanaokaa pamoja, mmoja wao akafa, naye hana mtoto wa kiume. Hapo alikwama. Akarudia maneno hayo. Nje watoto walikuwa wanagombania ndoo, na sauti ya Patrick, mtoto wa kiume wa marehemu, ilikuwa juu kuliko za dada zake.

"Kaka iko na Patrick," Faustin akasema.

"Endelea," mzee akamwambia.

Akaendelea. Mbele kidogo inasemwa kwamba hata ndugu asiyetaka anaweza kukataa mbele ya wazee. Ataaibishwa, atavuliwa kiatu, lakini ile habari ya damu aliyotishiwa nayo haimo. Mzee akaniuliza kama kuna andiko jingine la wajane. Nikamwambia Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mume akifa mke yuko huru, na akitaka kuolewa tena ataolewa na amtakaye, mradi katika Bwana. Hakutaka kuniamini hivihivi. Tukatafuta, tukasoma na hilo.

Nilidhani Faustin angekasirika. Aliweka Biblia mapajani akafunika uso.

"Bibi yangu alilia mbele yangu," alisema, "na mi nikamwambia ni neno ya Mungu."

Mkewe hakurudi mara moja. Alitaka na yeye asomewe, mbele ya baba yake, kwa hiyo mzee Gaspard akaenda kwao na Biblia kwapani. Sasa mke huyo amerudi nyumbani kwake. Yule mtumishi alipoulizwa, alisema na yeye alisikia kwa mwenzake. Faustin bado anasali naye, lakini anakwenda na kitabu. Siku hizi kila Jumatano, nikitoka kazini, tunasoma na Mama Aline na watoto, sura moja baada ya nyingine bila kuchagua. Kuna sura ngumu, nyingine hatuzielewi kabisa.

Jumatano moja, watoto walipotoka, Mama Aline aliniambia, "Dativa, mi ningeitika."

"Hata kama humtaki?"

"Kumutaka ni nini? Walisema ni Mungu. Mutu anakataliaka Mungu namna gani?"

Ningekuwa mimi, nadhani nisingethubutu hata kuuliza andiko liko wapi.

Nisalimie kaka Deo na mwambie bati la jikoni alitazame kabla ya mvua kubwa. Msalimie mama mdogo wa kule kilimani, na mjomba katekista, ambaye nadhani atataka kusomewa barua hii mara mbili. Wifi Editha mpe maji ya kunywa, amesoma mengi. Watoto wake nawakumbatia wote.

Mungu akutunze, Mama.

Ni mimi binti yako,
Dativa