Mwingereza kwenye Buku la Ubatizo

Alhamisi.

Nimechoka na vumbi la parokia. Wiki tatu nainamia mabuku ya ubatizo, namtafuta baba yake nkambo, bibi yangu aliyemzaa mama: Mwingereza, mtia makaa wa treni. Sisi wote tumekua tukiambiwa alikimbia kabla nkambo hajazaliwa.

Leo nimepata ukurasa wa nkambo. Baba: hajulikani. Nilitaka kufunga buku nirudi zangu.

Chini yake, baba wa ubatizo, parrain: jina lile lile lililoandikwa nyuma ya picha ya yule Mwingereza anayoitunza mama. Alimbeba mtoto wake mwenyewe kanisani kama mtoto wa jirani, na padri akaandika tu.

Nilimkuta mama anasonga bukari.

“Ulimupata?”

“Nilimupata, mama. Yeye njo alikuwa parrain yake.”

Mwiko ulisimama.

“Kumbe alikuya kanisani,” alisema.