Neti Aliyokununulia Mama

Achieng wangu,

Aki wewe. Miezi saba sasa, na bado nikipika chai natoa vikombe vitatu: changu, chako na cha Wafula. Wafula alirudi kwao Turbo, anamsaidia baba yake shambani. Begi yake ya mgongoni hataki hata kuiona. Ile safari yetu ya kufika Cape Town hatuizungumzii tena.

Leo nina neno la kukuambia. Usinikasirikie kabla sijamaliza.

Unakumbuka ile kambi ya kando ya mto kule Zambia, wiki ya kwanza baada ya kumaliza mwaka wetu wa kujitolea Malawi? Neti yangu ya mbu nilikuwa nimemwachia mpishi wa ile shule ya Malawi. Nilijiona mkarimu, kumbe ni ujinga tu. Ukatoa yako, ile ya bluu ambayo mama yako alikununulia sokoni hapa Eldoret, akashona pembe zake kwa uzi mweupe. Ukanifungia mimi. Ukasema, "Wewe ni mtu wa Soy, mbu atakuona mgeni. Mimi ni mtoto wa Bondo, kule ziwani kwenye mbu, tumezoeana." Tulicheka mpaka Wafula akatufokea tumwache alale. Nikalala ndani ya neti yako siku hiyo, na kila siku baada ya hapo. Sikukataa hata mara moja. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mtoto wa Bondo gani, Achieng? Ulikulia Kapsoya, kwenye baridi hii yetu ya Eldoret! Bondo ulikuwa unaenda Krismasi. Homa ilipokushika Botswana, ulimeza dawa za maumivu ukasema malaria kwenu ni kama mafua. "Msimwambie Mama, atatuamuru turudi." Na sisi tukatii, siku nne nzima. Siku ya tano ulianza kuniita kwa jina la dada yako. Hospitalini walijaribu, walijaribu sana. Walisema tumechelewa.

Tulipokuleta nyumbani kukuzika, Mama aliniuliza kitu kimoja tu: neti iko wapi? Nikamwambia iliibiwa stendi ya basi, Lusaka. Sijui ulimi wangu ulitoa wapi hayo maneno. Neti ilikuwa kabatini kwangu, chini ya sweta.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Lakini Jumapili iliyopita Mama alisimama kanisani, mbele ya watu wote, akasema amemsamehe yule mwizi wa Lusaka. Akaomba tumwombee, popote alipo. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la pili, naombewa na mama yako bila yeye kujua.

Jana nikaitia neti kwenye mfuko, nikaenda kwenu. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikaiweka mapajani mwake, nikamwambia yote. Kwamba mwizi hakuwako. Kwamba aliyelala ndani ya neti ni mimi. Hata zile siku nne nikamwambia. Alipapasa kitambaa mpaka akaipata pembe yenye uzi wake. Hakulia. Akasema, "Toka kwangu, Jeruto." Polepole, vile huwa anawaambia watoto wa darasa lake. Nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwa geti aliponiita. Nikajua sasa nalaaniwa. Akauliza, "Alipokupa, alikuwa anacheka?"

Nikasema, "Alikuwa anacheka, Mama. Sana."

Alisimama pale mlangoni ameikumbatia neti, akatikisa kichwa. Kisha akaingia, akafunga mlango.

Sijui kama atanisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Lakini yale mahindi aliyaacha nje, karibu gunia zima, na unajua vidole vyake vinavyomsumbua wakati wa baridi. Jumamosi nitarudi. Asiponifungulia, nitakaa hapo uani nipukuchue, na Jumamosi itakayofuata vilevile. Akinifukuza nitaenda, halafu nitarudi. Nakuahidi, Achieng, mama yako hatabaki peke yake maadamu mimi nipo Eldoret.

Lala sasa, rafiki yangu. Neti yako imefika nyumbani.

Jeruto