Mkono wa Hettie kwa Jasusi Aliyeogopa

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya mvua hapa mjini kwetu Todmorden, maji ya chai yakiwa bado jikoni. Watu wanatuambia tuzoee. Hatujazoea, na hatuna mpango huo.

Uliwakatia watu tiketi miaka thelathini na moja katika sinema ya mtaani kwetu. Watoto waliolowa mvua uliwaingiza bure. Meneja alipofoka ulimjibu, "Nikate mshahara, mwanangu, ila kwanza niletee taulo."

Ulikuwa mbishi, tusifichane. Waigizaji watano wamepokezana suti ya yule jasusi wa filamu, na mji mzima unamhusudu wa kwanza, Garrick Dunmore, anayepigana na watu sita tai isipinde. Wewe ulikuwa na Leonard Tully wako, wa tatu, mwenye filamu moja tu, anayechekwa hadi leo.

"Dunmore anaingia kila mahali kama mwenye nyumba," ulikuwa ukisema. "Tully mkono unamtetemeka kwenye kitasa, na bado anafungua. Sasa jasiri ni nani hapo?"

Baba aliguna. "Jasusi gani anatokwa jasho, Hettie?"

"Anayejua atakufa, Wilf. Kunywa chai yako."

Chama cha wapenda sinema huwapigia kura waigizaji hao kila Desemba kwa kunyoosha mikono. Mwigizaji asiyepata hata mkono mmoja hufutwa orodhani, na filamu zake hazionyeshwi tena. Miaka kumi na tisa Tully aliokolewa na mkono wako peke yako, ukumbi ukicheka.

Desemba iliyopita Bwana Ogden, mwenyekiti, alilisoma jina lake kalamu ikiwa tayari kulifuta. Sisi wanao si wanachama. Tulikaa nyuma na hasira zetu. Hakuna mkono ulionyooka. Ndipo Baba, mtu wa Dunmore tangu ujana, akanyoosha mkono.

"Wilf, umechanganya," Ogden akasema. "Huyu ni Tully."

"Namjua. Na simpendi hata kidogo. Andika."

Mtu akacheka. Baba akageuka akamtazama. "Hebu cheka tena, tusikie."

Ogden akaandika.

Filamu ya Tully itaonyeshwa Jumamosi hii, saa nane mchana. Anayekuja kudhihaki abaki kwake.

Tunaokulilia ni mumeo Wilf Ackroyd, anayeshikilia kwamba ulikosea kuhusu Tully. Wanao Glenys na Barnaby. Na mjukuu wako Imogen, aliyejiunga na chama wiki iliyopita.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, wapende wasipende.