Umpigie Kawudha Jumamosi

Walukuba, Jinja,
11 Agosti 2025.

Mpendwa wifi yangu Sharifah,

Salamu nyingi kutoka kwetu hadi kwako Nakuru. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko? Sisi tunapumua vizuri. Kaka yako tangu astaafu magereza anafuga kuku na kuwapa amri kama wafungwa. Hawamsikii. Kiswahili changu ni kilekile cha kambini, usinicheke.

Kaa vizuri kwanza nikujaze habari. Babirye wako ndiye kikundi chote cha maigizo hapa Jinja sasa. Nasema chote! Mwaka huu wamefungua na kichekesho cha mwenye nyumba bahili, na mwenye nyumba alikuwa yeye, na masharubu juu. Pasaka wakaimba kwaya, akaongoza. Lilavati wa duka la vitambaa alilia mpaka miwani ikaloa, naye lugha yetu ya Lusoga hajui hata neno. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo.

Kila mchezo nashona magauni mawili ya sare, la Babirye na la Kawudha. Pacha unajua, humpi mmoja ukamnyima mwenzake, hata kama mwenzake aliruka kwa homa akiwa na miaka minne. La Kawudha naliweka kwenye kiti cha jirani yangu. Watu wamezoea, hakuna anayekikalia.

Sasa, wifi, hili ndilo limenifanya nishike kalamu, maana simu nyumbani kwetu inasikika vyumba vyote.

Mwezi wa sita Ronnie, mwalimu wao wa maigizo, kijana wa Mbale, alileta mchezo wa binti wa chifu anayekufa. Maiti ni Babirye. Nilimwonya mapema: Ronnie, kwetu pacha haliliwi. Pacha hafi, anaruka, na ukimlilia unamuudhi. Akacheka. "Mama, haya ni machozi ya tiketi tu!" Basi wakamlaza mkekani, wakamfunika, kikundi kizima kikamlilia kwa mayowe.

Mchezo ukaisha, wenzake wakainama kushukuru watu. Babirye hakuinuka. Walipomfunua alikuwa macho wazi, anasikiliza. Nyumbani akaniambia, "Mama, Kawudha alikuwa ananiuliza nani amekufa."

Nikajikaza. Mwezi uliopita ikawa zamu ya embaire, ile marimba yetu kubwa ya shimoni. Wakachimba shimo uani nyuma ya ukumbi, wakalaza zile mbao juu yake, wapigaji wakakaa. Jua la saa kumi, watu tele, mimi mbele kabisa na kiti changu cha gauni. Babirye akaimba. Ubeti wa pili, sauti ikatoka shimoni. Kaka yako anasema mwangwi. Mwangwi hufuata, wifi. Hii ilitangulia. Ilisema maneno kabla Babirye hajayasema, na iliyasema kitoto, kama Kawudha. Wapigaji wakainua fimbo zao, wakatazamana. Shimo likaimba peke yake mpaka ubeti ukaisha. Watu wakapiga makofi! Walidhani ni ufundi wa Ronnie.

Ronnie hacheki tena. Alikuja hapa kofia mkononi. "Mama, nifute onyesho la Mbale?" Kaka yako akamkatiza: "Afande hapa ni mimi, na nimesema ni mwangwi." Lakini siku hizi akimwita Babirye kula, anaita, anatega sikio, halafu anaita tena kwa sauti ya chini.

Mbale ni Jumamosi ya tarehe 23, mchezo na embaire pamoja. Watakuja watu wa Kampala kuchagua waimbaji. Nafasi kama hiyo Babirye haipati tena. Naye anasema haimbi mpaka Kawudha aambiwe kwamba hakuna aliyekufa. Anasema Kawudha anamwita, washuke shimoni wakacheze wote. Naogopa, wifi. Nikimzuia, nimemkatia njia. Nikimwachia, sijui nitarudi Jinja na nani.

Wewe shangazi yao ndiye uliyemchezea ngoma Kawudha aliporuka, sisi wengine tukimeza machozi. Maneno ya kumuaga ni yako, mimi mama siruhusiwi. Goti najua halikupi safari. Basi piga simu saa tisa, kabla hawajaanza. Namba ya Ronnie iko nyuma ya bahasha. Ameahidi kuishusha simu mdomoni mwa shimo. Mwambie Kawudha kwa Lusoga, taratibu, kama ulivyokuwa ukimwamsha: ulikuwa mchezo, hakuna aliyeliliwa, aruke salama, amwachie mwenzake aimbe. Usilie. Hata akikujibu, usilie.

Magauni ya Mbale yako tayari, ya manjano, utayapenda. Leo asubuhi nimeyatoa sandukuni niyapige pasi. Moja lina udongo mwekundu pindoni, bado mbichi. Babirye hajajaribu hata lake. Nimelifua, nimelianika, sijamwambia mtu.

Msalimie shemeji Mutwalibu, na Asuman umwambie mtihani asiuogope, ukoo wetu hauna wajinga. Mungu akulinde, akupe goti la msichana, na siku hiyo akupe sauti. Babirye amepita hapa nikiandika. Nimemuuliza kama ana neno kwa shangazi yake. Amesema niandike: tunakusalimu.

Mimi wifi yako nikupendaye daima,
Nabirye, mama wa wawili.