Kidole Changu, Sukari ya Baba

Jumapili, 2 Februari

Sijamwambia mtu. Baadhi ya damu iliyopimwa kwenye kipimo cha Baba ni yangu.

Daktari alimwambia akipungua uzito, akatembea, akaacha sukari na kupunguza wanga, kisukari kinaweza kulala. Si kupona — kulala, hata bila vidonge. Baba akalishika neno hilo kama kamba. Kazini anaenda kwa miguu, anarudi kwa miguu. Mimi nimemaliza shule, nipo tu nyumbani, basi ndiye mpishi wake. Mboga, maharage, samaki. Tumbo limekwisha! Mama anasema ameolewa upya, tena na kijana.

Lakini Baba ni fundi keki, na huu ni msimu wa harusi. Krimu lazima ionjwe. Kwa ncha ya kijiko tu, anasema. Asubuhi baada ya ile harusi kubwa hakutaka hata kujichoma kidole. Alitazama mlango, akaniita “mama” kwa sauti ndogo, kama anavyoniita akitaka kitu. Nipe kidole, mama. Mara moja tu.

Nikampa. Tano nukta moja. Akashusha pumzi kama vile ni yake.

Jumanne, 4 Februari

Tena leo! Nilikusudia kusema hapana, ikatoka “haya, Baba”. Ulimi huu! Anadai daktari akiona kijikosa kimoja atamrudisha mwanzo.

Kijikosa. Na jagi zima la maji amelimaliza kabla ya chai. Sukari yake yenyewe ni ngapi? Hakuna anayejua. Hata yeye.

Alhamisi, 6 Februari

Kesho kliniki. Mama amempigia pasi shati jipya, dogo. Majirani wote wameshaambiwa: mume wangu anaachishwa vidonge!

Jikoni nimejikaza. Baba, na wakikuachisha kwa damu yangu?

Aliendelea kukata tango, vipande vyembamba, vyote sawa, kama anapamba keki. Kisha: “Nilianza kwa haki, mama. Unajua nilianza kwa haki.”

Najua. Ndiyo maana inauma.

Ijumaa, 7 Februari

Niko kwenye benchi la kliniki, naandika juu ya goti. Mama anadhani naandika mapishi.

Muuguzi alinishika mkono nilipompa kipimo, akaona vitundu vya sindano kidoleni. “We binti, unashona bila kastabini?” Nikacheka kijinga. Baba akakohoa.

Sasa yuko ndani. Mlango haujafungwa vizuri, tunasikia. Daktari anapitia namba zilizomo kwenye kipimo. Safi. Safi sana, mzee! Basi vidonge tuviweke kando tuone. Damu ya mshipa atatolewa leo, majibu wiki ijayo.

Wiki ijayo! Bila vidonge!

Sema, Baba. Sema!

Mama ananibana mkono, machozi yanamtiririka. Ya furaha. Mungu wangu.

Daktari anauliza mpishi yuko wapi, aingie apongezwe.

Baba anasema: “Mwache, ana haya huyo.”

Mama ananisukuma. “Inuka basi, mbona umeganda?”

Naenda. We daftari, nakufunga. Nifichie haya kwa dakika chache tu, usimwambie mtu. Nataka wayasikie kwangu —