Redio ya pili

Siku ya tano, magaribi

Mais ile redio iliimba leo! Tuliijenga ndani ya bati ya mafuta, mu atelier yetu ya kutengeneza maredio hapa Butembo.

Ya kwanza tuliiita Paluku, sawa vile kwetu banaitaka mutoto mwanaume wa kwanza. Iliungua juu Kasereka, mwenzetu wa atelier, aligeuza nyuzi za batri. Leo akasema: «Donc, hii njo itakuwa Paluku.»

Mama Masika, mwenye anatufundishaka kusude nyuzi, kuziunganisha na risasi ya moto, akakatala. «Hapana. Wa kwanza hata akikufa, jina inabakia yake. Huyu ni wa pili, ni Kambale.»

Batu bote bakaniangalia, bakacheka. Mimi pia ni Kambale. Paluku wetu, kaka yangu, alikufa mbele ya mimi kuzaliwa, na kwetu hatumutajaka.

Naogopa, mais kesho nitauliza mama yangu sura ya Paluku ilikuwa namna gani.